Kiduka cha tiketi Ngamiani kilichonihesabia Guangzhou kuanzia mlangoni kwangu

Kiduka chenyewe hakina kibao cha maana. Kipo Ngamiani, jirani na Barabara ya 12, kati ya fundi cherehani na mzee auzaye kahawa na kashata. Ukipita haraka utadhani ni mahali pa kutoa kopi tu, maana mashine ya kopi ndiyo iliyowekwa mbele. Ndani mna meza ya kioo, benchi la mbao, kompyuta ya siku nyingi na saa mbili za ukutani. Moja inakwenda kwa saa za hapa Tanga. Ya pili haitulii. Kila mteja akiingia, ami mwenye duka huitungua, akazungusha mishale mpaka ifike saa za mji anaokwenda mteja yule, kisha akaitundika tena. Siku niliyoingia mara ya kwanza nilikuta inasoma saa za Muscat. Nilipotoka ilikuwa inasoma saa za Guangzhou.

Nimekata tiketi kwake mara mbili sasa, Aprili 2024 na Oktoba 2024, zote za kwenda Guangzhou, China, kununua vyombo: sufuria, seti za sahani, chupa za chai na hotpoti. Watu wananiuliza kwa nini niende kwake wakati kuna ofisi zenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Jibu langu linaanzia Oktoba 2023.

Mwaka ule nilikata tiketi kwenye ofisi nyingine, siitaji. Bei yao ilikuwa chini, nikaridhika. Siku tatu kabla ya safari kijana wao akanipigia simu: “Mama, ndege yako ni Ijumaa usiku, saa sita na dakika arobaini.” Nikaandika kwenye daftari la mauzo kama alivyosema. Ijumaa asubuhi nikapanda basi pale stendi ya Kange, mchana nikafika Mbezi, nikapumzika kwa wifi yangu Kimara, na saa tatu usiku nikawa mlangoni pa Jengo la Tatu, uwanja wa Julius Nyerere, na mabegi yangu, moja limeingizwa ndani ya jingine ili nirudi na sampuli.

Askari akaishika karatasi, akaisoma, akaniangalia usoni, akamwita dada mmoja wa shirika. Yule dada akasema kwa upole, “Mama, hii imeshaondoka.” Nikamwambia haiwezekani, bado masaa matatu na zaidi. Akaniwekea kidole pale palipoandikwa 00:40, tarehe 20. “Tarehe 20 imeanza jana saa sita usiku, mama. Ndege imeruka dakika arobaini baadaye. Sasa hivi tarehe 20 inakwisha.”

Nilikaa juu ya begi nikalia. Fedha nilizobeba hazikuwa zangu peke yangu, zilikuwa na za wanawake tisa wa kikundi chetu cha Makorora, kila mmoja na karatasi yake ya alichoagiza. Na Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, hayamngoji mtu. Yanafanyika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli ya kwao, kwa awamu tatu, na sisi wa vyombo vya nyumbani awamu yetu ni ya pili: Oktoba huanza tarehe 23 na kwisha tarehe 27. Siku tano basi. Nafasi niliyoipata ilikuwa ya usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa kuongeza laki sita, na tiketi yenyewe ilikuwa ya kuunganisha ndege, masaa tisa nimekaa kwenye kiti cha chuma katikati ya safari. Nikaingia hotelini usiku wa manane wa kuamkia Jumanne. Siku ya kwanza ya maonyesho, ile ambayo wenye viwanda bado wana subira ya kuzungumza na mnunuzi mdogo, ilikuwa imeshapita.

Niliporudi Tanga nikamsimulia mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: “Usiku wa Ijumaa si ule wa Alhamisi ikishachwa?” Wallahi nilinyamaza. Hivyo ndivyo tulivyolelewa pwani. Siku ya pili huanza jua likizama, ndiyo maana usiku wa Ijumaa tunausoma Yasini Alhamisi baada ya magharibi. Karatasi ya ndege nayo huanza siku saa sita usiku. Kwa hesabu zote mbili, saa sita na dakika arobaini ya Ijumaa ni usiku ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kijana akageuza maneno mawili tu, badala ya “usiku wa Ijumaa” akasema “Ijumaa usiku”, na maneno hayo yana umbali wa siku nzima kati yake. Laiti angemwambia mama mkwe badala yangu, nisingeachwa.

Mzee wa kahawa ndiye aliyenielekeza kwa ami. Nikaingia, “Shikamoo ami,” “Marahaba mwanangu, wapi?” Nikamwambia Guangzhou, na kabla hajagusa kompyuta nikamwaga kisa chote. Hakunicheka wala hakunipa pole ya haraka. Alichukua karatasi nyeupe akaandika kwa mkono, herufi kubwa: ALHAMISI IKISHACHWA, USIKU WA KUAMKIA IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA AROBAINI. UWE UWANJANI ALHAMISI SAA TATU NA NUSU USIKU. Akanisogezea. “Angekuandikia hivi ungeachwa?” Nikasema nisingeachwa.

Hiyo ndiyo huduma yake, na ndiyo ninayoisifu kwa moyo wote. Kila tiketi anayouza anaiandika upya kwa Kiswahili, kwa saa zetu za kuanza asubuhi, na jina la siku kama linavyosemwa nyumbani. Saa 16:40 inakuwa saa kumi na dakika arobaini jioni. Pembeni ya kila saa anaandika ni ya wapi, maana tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaouacha, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaouendea. Mimi miaka yote nilikuwa napiga hesabu ya kutoa tu. Ukiondoka saa nne usiku na ukafika saa saba na nusu mchana, nilikuwa nasema safari ni masaa kumi na tano na nusu. Ami akaitungua ile saa ya pili, akaisogeza mbele masaa matano mbele ya macho yangu. “Toa matano, hayo hukuruka, umeyapewa na jua.” Yanabaki kumi na nusu. Akanieleza kwamba dunia inazungukia mashariki, nyuzi kumi na tano kwa kila saa. Sisi tuko kwenye nyuzi 39, Guangzhou iko kwenye 113. Kati yetu ni nyuzi 74, ambazo ni masaa matano kasoro kidogo tu, na China nzima, pamoja na upana wake, imekubaliana kufuata majira yaleyale.

Kisha nikamuuliza lililonisumbua: tiketi ya kupitia Uarabuni au Addis Ababa ni nafuu, lakini je, kweli ndiyo iliyonichosha kwa umbali? Mezani palikuwa na machungwa ya Muheza kwenye bakuli. Akachukua moja, akalitia vitone vya kalamu: Dar es Salaam, Dubai, Addis Ababa, Guangzhou. Halafu akachomoa unyuzi mmoja wa mkonge kutoka kwenye kamba iliyofungia katoni za karatasi, akaulaza kutoka Dar hadi Guangzhou, akaubana kwa kucha. Akaulaza tena kupitia Dubai. Ukazidi, lakini ukazidi upana wa kidole kidogo tu. Kupitia Addis vilevile.

Hesabu zake ziko kwenye karatasi ninayo mpaka leo. Dar hadi Guangzhou kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700. Dar hadi Dubai ni kama 4,000, na Dubai hadi Guangzhou 5,800, jumla 9,800. Dar hadi Addis Ababa 1,750 na ushee, kutoka hapo 8,000 na ushee, jumla ileile 9,800. Kwa hiyo kuzunguka kunakuongezea kilomita 1,100 hivi, na ndege kubwa inakata karibu kilomita 900 kwa saa, maana yake ni saa moja na robo tu ya kuruka. “Mwanangu, kilichokula siku yako ni kile kiti cha chuma,” akasema. Mimi nilikuwa nalaumu njia, kumbe ni kungoja. Akaniambia mtu akiwa na siku za kupoteza na hana haraka, kuunganisha ni sawa kabisa, aokoe fedha zake. Ila mwenye maonyesho ya siku tano apande ya moja kwa moja, na Air Tanzania wanakwenda Guangzhou moja kwa moja kwa ndege yao kubwa ya Dreamliner. Tofauti ya bei akaniwekea pembeni ya laki sita zangu za mwaka uliopita. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Kuna jambo jingine analofanya ambalo sijaliona kwa wakala yeyote, nalo ndilo analolitoza: elfu thelathini juu ya bei ya tiketi. Anakuandikia safari kuanzia mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa unapolala. Aliniuliza nakaa wapi Makorora, nafika Kange kwa bajaji au kwa miguu, nina ndugu Dar, nitalala mtaa gani kule. Akaandika kwa mfano wa ndege ya saa nne usiku ili nielewe, kisha akahamishia kwenye ratiba yenyewe. Kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Basi saa moja. Muheza, Segera, Mkata, Mbezi saa saba mchana. Kimara kwa wifi, kuoga na kula na kusali. Kuondoka Kimara saa kumi na moja jioni, kwa foleni, uwanjani saa moja usiku. Kuruka saa nne. Kutua saa saba na nusu mchana kwa saa za kule. Paspoti na mizigo, halafu treni ya chini ya ardhi, njia ya 3 kisha njia ya 5 mpaka Xiaobei, mtaa ninaolala. Mlango wa hoteli saa kumi jioni, ambayo Tanga ni saa tano asubuhi. Akapiga mstari chini: MASAA 29. ANGANI 10 NA NUSU.

Nilikitazama kile kitu kwa muda. Tanga hadi Dar ni kilomita 350 za barabara (angani hazizidi 200, nchi kavu inatuzungusha Segera), na zinakula masaa sita. Kwa masaa sita hayohayo ndege inakuwa imeshaivuka Bahari ya Hindi, iko juu ya India. Ndiyo maana ami hakubali kabisa mteja wa Tanga aondoke siku hiyohiyo ikiwa ndege yake ni ya mchana au alasiri. Na Aprili ni masika, akaniambia nilale Kimara usiku mmoja kabla, hata kama ndege ni ya usiku, kwa sababu lori moja likilala barabarani kwenye mvua baina ya Mkata na Wami, hesabu yote imekufa. Nikalala. Mvua ilinyesha siku ile kama imeagizwa, na mimi nilikuwa nimekaa kwa wifi nakunywa chai ya mchaichai.

Safari yenyewe ilikwenda kama alivyoandika, isipokuwa mahali pamoja nitakaposema. Kuhusu ndege sina maneno mengi: ilikuwa safi, wali ulikuwa mkavu, wahudumu walikuwa wanasema Kiswahili na hilo kwangu ni kubwa, maana mama mmoja wa Lushoto aliyekaa kando yangu alikuwa anasafiri mara ya kwanza na aliweza kuuliza kila kitu bila aibu. Ami alikuwa ameniambia jua litanikuta njiani mapema, maana ndege inakwenda kulilaki, na kama nimeondoka saa nne usiku basi nitaliona yapata saa tisa na nusu kwa saa ya Tanga. Kwa hiyo niliinua pazia la dirisha mapema kuliko ambavyo ningefanya. Upeo ulikuwa mwekundu mwembamba kama ukingo wa kanga, na saa ya mkononi ilikuwa bado inasema ni usiku kabisa. Nikatayamamu, nikasali alfajiri nimekaa kitini. Nisingejua, ningeamka jua limeshapanda na sala imenipita.

Kurudi alikuwa amenitahadharisha kwamba ndege itachukua muda zaidi, akaniwekea dakika arobaini za ziada, kwa sababu pepo za huko juu huvuma kutoka magharibi na wakati wa kurudi zinakuja usoni. Hili halikunishangaza. Babu yangu alikuwa baharia wa Pangani, naye alijua majahazi ya Waarabu yanakuja na kaskazi na hayarudi mpaka kusi ianze. Sijui kwa nini nilidhani ndege haina habari na upepo.

Sasa kasoro, maana zipo na mtu asije akasema sikusema.

Ami ni mzito. Tiketi moja ilimchukua karibu saa mbili nzima za kukaa pale benchini, na mteja wa kopi akiingia anamhudumia katikati. Simu hapokei, ujumbe anajibu kesho yake. Ijumaa hafungui mpaka alasiri, na siku nyingine alasiri ndiyo anafunga. Hoteli na visa hashughuliki navyo kabisa, atakuambia wazi uende kwingine. Wino wa mashine yake ni hafifu, tiketi ya Aprili ilitoka tarakimu hazisomeki na nikalazimika kuichapisha tena kwa wifi Kimara. Ile karatasi ya mkono ndiyo iliyosomeka vizuri.

Na lile kosa: alikuwa ameandika saa moja kwa ajili ya paspoti na mizigo Guangzhou. Mimi nilisimama masaa mawili, maana kipindi cha maonyesho foleni inakunjwa kama utumbo. Ukiacha ule usiku niliolala Kimara, masaa 29 yakawa 30. Niliporudi nikamwambia, nikitarajia atajitetea. Akafungua daftari lake jeusi, akatafuta Guangzhou, akafuta, akaandika masaa mawili na mwezi pembeni. Oktoba aliponiandikia tena, masaa mawili yalikuwemo, na safari ile ilikwisha dakika chache tu kabla ya alivyohesabu. Kuna maajenti ambao ukiwaambia wamekosea wanakutafutia wewe kosa lako.

Watoto wangu ndio walioipenda zaidi hii huduma, ingawa hawajawahi kumwona ami. Niliwasimulia habari ya ile saa ya pili, na binti yangu mkubwa akaitoa saa ya jikoni, akaisogeza masaa matano, akaitundika juu ya jokofu kwa wiki yote niliyokuwa kule. Mara ya kwanza 2023 walikuwa wananipigia baada ya isha, saa mbili usiku kwao, nami huku ni saa saba usiku nimelala hoi baada ya kutembea kumbi za maonyesho pale Pazhou siku nzima. Safari hii walinipigia saa kumi jioni wakitoka madrasa, kwangu saa tatu usiku, nimeshakula, miguu iko kwenye maji ya chumvi. Mdogo akauliza kama huku kuna mwezi. Nikaenda dirishani nikamwangalizia.

Kwa wenzangu wa vyombo mnaofikiria Aprili: awamu ya pili huanza tarehe 23. Nendeni kwa ami asubuhi, si Ijumaa, mbebe na jina la mtaa mnaolala kule limeandikwa. Pesa ya simu anapokea.